Albamu ya kushirikishana: nani anamiliki nini ndani ya wimbo mmoja

Msanii wa kujitegemea wa Mbeya anapoamua kutengeneza albamu yenye wageni wengi, kuwapata wageni wenyewe mara nyingi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Wasanii wa Nyanda za Juu Kusini wanajuana. Rapa wa Mwanjelwa ana rafiki anayeimba Kihesa, mjini Iringa. Huyo naye anamfahamu mpiga gitaa wa Makambako. Na barabara kuu iendayo Dar es Salaam inawakutanisha wote. Kinachowashinda wengi ni swali linalokuja baadaye, wimbo ukishaanza kusikika redioni na kwenye simu za watu: huu ni wimbo wa nani? Kusema kwamba ni wa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada si sahihi. Kusema kwamba ni wa wote sawasawa, kama inavyosemwa sana studio watu wakiwa bado na furaha ya kazi, nako si sahihi.

Tuchukue albamu ya kufikirika yenye nyimbo 12. Mwenye albamu hana lebo, na analipia studio kwa fedha zake. Amewaalika marapa na waimbaji kutoka Iringa, Njombe na Songea, kwaya ya kanisa moja la Rungwe, na mzee wa Kihehe anayepiga ligombo. Biti tatu, yaani muziki ulio tayari kuimbiwa, amezinunua mtandaoni, na nyingine zimetengenezwa na prodyuza wake wa Sokomatola. Albamu ya namna hii ina ladha ambayo msanii mmoja peke yake hawezi kuipata, na ndiyo maana inastahili kusimama juu ya makubaliano yanayoeleweka.

Kila wimbo uliorekodiwa umebeba mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na mwendo wa sauti, ambao upo hata kabla ya kuingizwa studio. Mtu akiuimba harusini Uyole bila chombo chochote, utunzi ni uleule. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zilizonaswa siku fulani na watu fulani, zikachanganywa na kuwa faili moja ambalo watu wa studio huliita masta. Utunzi mmoja ukirekodiwa mara tano, rekodi zinakuwa tano na utunzi unabaki mmoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitenganisha mali hizi: hakimiliki inamlinda mtunzi, na hakishiriki inawalinda walioimba au kupiga vyombo, pamoja na aliyetayarisha rekodi na anayeitangaza hewani. Wala hakimiliki haisubiri muhuri. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na chini ya mkataba huo haki ya mtunzi huanza pale kazi inapotungwa. Kusajili COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, kunampa mtunzi ushahidi mzuri, lakini haki anakuwa nayo tayari.

Ukiishika tofauti hiyo, utaona kwamba wageni wa albamu hawafanani. Rapa anayekuja na mistari yake kumi na sita ni mtunzi na pia ni mwimbaji. Ana sehemu katika utunzi, na ana haki juu ya sauti yake iliyorekodiwa. Mwimbaji anayepewa kiitikio kilichokwisha kuandikwa, akakiimba kama kilivyo, ana haki za mwimbaji tu, hata kama kiitikio hicho ndicho kitakachoimbwa na watoto wa shule mkoa mzima. Jambo hili huwaumiza watu, kwa sababu sikio la msikilizaji humpa wimbo yule mwenye sauti inayokumbukwa, ilhali sheria inamtazama aliyebuni maneno na mwendo wake. Katikati ya hao wawili yupo mgeni ambaye ndiye chimbuko la ugomvi mwingi: ameitwa kuimba kiitikio, amefika studio, amesema mstari wa pili haukai vizuri, ameubadilisha, ameongeza mwendo mwingine wa sauti mwishoni, na kila aliyekuwepo amekubali kwamba wimbo umepata uhai. Huyo amekwisha kuwa mtunzi mwenza. Asipoandikwa siku hiyohiyo, baada ya mwaka hakutakuwa na anayekumbuka kwa uhakika mstari upi ulikuwa wa nani.

Watunzi wenza wanamiliki kazi yao kwa pamoja tangu mwanzo. Pale ambapo sehemu zinaweza kutenganishwa na mwenye kila sehemu anajulikana, kila mmoja hubaki na sehemu yake, na ubeti wa rap mara nyingi ni wa aina hiyo kwa kuwa unaweza kuondolewa na kutumika mahali pengine. Kiitikio kilichotungwa na watu wawili wakipokezana maneno hakitenganishiki. Lakini sheria haimwambii mtu achukue asilimia ngapi, hilo limeachiwa wahusika. Mazoea yaliyoenea ni kuutazama utunzi kama nusu maneno na nusu muziki, kisha kugawa ndani ya kila nusu. Katika wimbo ambao prodyuza ametunga muziki wote, mwenye albamu ameandika beti mbili na kiitikio, na mgeni wa Njombe ameandika ubeti mmoja, wanaweza kukubaliana kwamba prodyuza achukue 50, mwenye albamu 35 na mgeni 15. Hayo ni mapatano yao, na wangeweza kupatana vingine.

Hapo wengi hudhani hesabu imekwisha, kumbe imekwisha ya utunzi peke yake. Rekodi ina mia yake nyingine. Mgeni anayeambiwa studio kwamba atapata asilimia 20 anapaswa kuuliza papo hapo: asilimia 20 ya kipi? Ya utunzi ni fedha moja, ya rekodi ni nyingine, na ya malipo ya shoo ni ya tatu kabisa. Nimesikia mabishano ya wasanii wazuri ambao kila mmoja alikuwa na haki katika anachodai, ila mmoja alikuwa akizungumzia utunzi na mwenzake akizungumzia masta, na hawakupata mtu wa kuwaambia hivyo.

Mmiliki wa rekodi, kwa desturi ya sheria, ni yule aliyeianzisha na kubeba jukumu la kuifanikisha, na kwa albamu yetu huyo ni mwenye albamu kwa kuwa ndiye aliyelipia studio. Utata unaanza pale prodyuza anapokubali kufanya kazi bila malipo, au kwa nusu bei, kwa ahadi kwamba watagawana mbele ya safari. Kuanzia hapo prodyuza amekuwa mwekezaji, na anayo sababu ya kudai sehemu ya masta juu ya sehemu yake ya utunzi. Studio nyingi za mikoani zinaishi kwa ahadi za namna hii, nami sioni ubaya wake. Ubaya ni kuiacha ahadi bila kiwango.

Biti za mtandaoni zina mtego wake. Anayelipa bei ndogo kwa kawaida hanunui biti, anapewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyohiyo wamepewa watu wengine wengi. Mara nyingi ruhusa ina kikomo cha idadi ya michezo, yaani mara ambazo wimbo unachezwa, na inamkataza mtumiaji kuusajili wimbo kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, kwa sababu mfumo huo utawashika wengine wote waliolipia biti ileile kana kwamba wameiba. Ubaya unaongezeka kunapokuwa na mgeni. Rapa wa Songea ametoa ubeti bora wa maisha yake juu ya muziki ambao mwenyeji wake hana uwezo wa kuumiliki, na siku wimbo ukivuka kikomo, mwenye biti anaweza kudai uondolewe, na ubeti unaondoka nao. Mgeni ana haki ya kuuliza karatasi ya biti iko wapi kabla hajafungua mdomo mbele ya maikrofoni, na mwenyeji mwenye heshima atamwonyesha bila kuulizwa mara mbili.

Wageni ninaowahofia zaidi katika albamu za aina hii ni mzee wa ligombo na kwaya, kwa sababu ndio wanaotoa kitu kisichopatikana kwingine, na ndio ambao majina yao huishia kwenye maneno ya shukrani badala ya kwenye mgawanyo. Ligombo ni chombo cha Wahehe cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa, na sauti yake ni miongoni mwa zile alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950. Mzee akipiga wimbo aliorithi kwa wazee wake, watu husema haraka kwamba huo ni wa asili, hauna mwenyewe. Kauli hiyo ina makosa pande mbili. Kwanza, sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Matumizi ya kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi yamewekewa utaratibu wa kibali, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndiko pa kuulizia. Chanzo chake, yaani jamii na mahali ulikotoka, kinapaswa kutajwa. Pili, hata kama mwendo ule ni mali ya jamii nzima ya Wahehe, upigaji wa asubuhi ile ni wa mzee mwenyewe. Vidole vilivyopiga ni vyake, pambo aliloongeza katikati ni lake, na rekodi haiwezi kunaswa wala kuuzwa bila ridhaa yake. Prodyuza anayeona ni rahisi zaidi kukata kipande cha rekodi ya zamani badala ya kumwalika mzee hajakwepa lolote, kwa kuwa wahifadhi wa rekodi hizo nao wanapaswa kuulizwa, na mzee amekosa kazi.

Kwaya ina fundo la namna nyingine. Eneo la Rungwe lina uimbaji wa kanisani wenye mizizi mirefu. Wamoravian walifika huko mwaka 1891, na leo ni vigumu kupata kijiji kisicho na kwaya iliyokomaa. Mwenye albamu akiomba kwaya iimbe pambio la zamani chini ya mistari yake, atafikiri kwamba mtunzi wa kale hadai kitu. Huenda ni kweli, maana hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini tafsiri ya Kiswahili ni kazi inayojitegemea yenye mwandishi wake na miaka yake, na mpangilio wa sauti nne uliofanywa na mwalimu wa kwaya ni kazi nyingine tena. Kisha linakuja swali la nani atie saini. Waimbaji 30 wana haki 30 za waimbaji. Mwenyekiti wa kwaya hawezi kuzitoa zote kwa kalamu yake bila wao kumtuma, na mara nyingi uongozi wa kanisa nao una neno kuhusu jina la kwaya kutumika kwenye albamu ya kidunia. Njia inayofanya kazi ni kikao cha kwaya kinachoandika muhtasari, kinamteua mtu wa kusaini, na kinasema fedha ziingie katika akaunti ipi. Mwalimu aliyepanga sauti aandikwe kivyake katika utunzi.

Tukija kwenye fedha, kosa kubwa ni kudhani zinatoka mahali pamoja. Wimbo mmoja hulipwa kupitia njia kadhaa, na njia hizo hazijuani.

Majukwaa ya kusikiliza muziki hulipa rekodi kupitia msambazaji aliyeipandisha albamu. Fedha hizo ndizo zinazoonekana kwenye simu ya mwenye albamu, na baadhi ya wasambazaji wana utaratibu wa kugawa moja kwa moja, kila mgeni akawa na akaunti yake na asilimia yake ikakatwa kabla mwenyeji hajaigusa. Napendelea utaratibu huo kuliko wa mwenyeji kupokea zote na kutuma kwa simu kila mmoja fungu lake, kwa sababu urafiki hauwekwi tena majaribuni kila mwisho wa mwezi. Lakini mgao huo ni wa rekodi peke yake. Sehemu ya utunzi hupitia kwa wachapishaji wa muziki na vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, na wimbo ambao watunzi wake hawajasajiliwa popote huacha fedha hizo bila mwenyewe. Vilevile mirabaha ya redio, hoteli, kumbi na mabasi inahitaji orodha sahihi ya watunzi. Kwa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalifungua njia kwa vyama vya wabunifu kukusanya na kugawa mirabaha, huku COSOTA ikiwa msimamizi. Msanii wa Mbeya anapaswa kujua wimbo wake umesajiliwa wapi na kwa mgawanyo gani, maana mgeni akisajili asilimia 50 na mwenyeji akasajili 80, jumla inazidi mia na malipo yanasimama mpaka wapatane.

Nadhani ni vema pia kusema ukweli kuhusu ukubwa wa fedha hizi. Spotify, ambayo imekuwapo Tanzania tangu 2021, huhesabu mchezo mmoja baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha michezo 1,000 katika miezi 12 iliyopita haupati malipo ya rekodi. Katika albamu ya nyimbo 12, inawezekana kabisa nyimbo tatu zikavuka kiwango hicho na tisa zikabaki chini. Mgeni aliyeahidiwa asilimia ya wimbo wake peke yake anaweza kukosa hata shilingi, wakati mwenzake aliyebahatika kuwa kwenye wimbo uliopendwa analipwa. Ndiyo maana baadhi ya wasanii huona haki zaidi kumlipa kila mgeni kiasi kidogo cha papo hapo, cha nauli na siku ya kazi, kisha asilimia ikafuata juu yake. Kwa mzee wa ligombo na kwaya, malipo ya papo hapo ndiyo ninayoyaona kuwa ya lazima, kwani kumwambia mzee wa Kalenga asubiri takwimu za mtandao ni kumnyima tu.

Majina nayo ni fedha. Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho ya kimataifa, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na hiyo ndiyo inayofuatwa na mifumo ya malipo. Jina la mgeni likiandikwa vibaya, au kukiwa na msanii mwingine duniani mwenye jina hilohilo, wimbo unaweza kuangukia kwenye ukurasa wa mtu wa nchi nyingine. Wageni watoe jina lao la kisanii kama lilivyo kwenye kurasa zao, na anwani ya kurasa hizo, kabla albamu haijapandishwa. Na mgeni aliye chini ya mkataba wa lebo alete ruhusa ya lebo kwa maandishi. Huenda sauti yake imekwisha kuahidiwa kwa mwingine, na ukarimu wake hauwezi kuuvunja mkataba huo.

Wageni wengi hawatafika Mbeya; watarekodi huko waliko na kutuma sauti. Hapa makubaliano yanagusa ufundi. Sauti iliyotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp imekandamizwa na haifai kuingia kwenye masta. Itumwe kama faili la WAV, ambalo halijakandamizwa. Sauti ya kipaza kimoja katika biti 24 (hapa biti ni kipimo cha kidijitali, si muziki) na 48 kHz huchukua takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 35, mzigo ambao kifurushi cha kawaida kinaubeba. Studio zote zipatane kiwango kimoja, kwa sababu faili la 48 kHz likisomwa kimakosa kama la 44.1, sauti hushuka karibu nusu-toni moja na nusu na kuburuta, na mgeni ataonekana ameimba vibaya. Kila faili lianze sekunde ya sifuri ya wimbo, ili fundi wa Mbeya asikisie ubeti unaingia wapi. Muhimu kuliko yote, waandike nani anatunza mafaili ghafi na yanaweza kutumika kwa nini. Mgeni aliyekubali ubeti wake uwe kwenye wimbo mmoja hajakubali ukatwe na kubandikwa kwenye tangazo la bia, wala kwenye toleo jingine la wimbo ambalo hakulisikia. Sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa na ya kupinga kazi yake kupotoshwa, na haki hiyo haiishi kwa kuwa amelipwa.

Karatasi ya makubaliano haihitaji kurasa ishirini. Uhamisho wa haki ndio unaotakiwa kuwa kwa maandishi yenye saini, na mengine yanatosha kwenye ukurasa mmoja kwa kila wimbo: majina halisi na ya kisanii, nani ameandika nini, asilimia za utunzi, asilimia za rekodi, malipo ya papo hapo, gharama zipi zitarudishwa kwanza kabla ya kugawana, namna jina litakavyotajwa, na nani anaamua wimbo ukiombwa kwa filamu au tangazo. Suala la gharama lisipuuzwe. Mwenyeji akisema watagawana faida, na baadaye akatoa studio, video, usafiri na matangazo ya redio, faida inaweza isionekane kamwe. Kiwango cha juu cha gharama kiandikwe kwa shilingi. Shoo zitajwe pia, kwa kuwa kushiriki kwenye wimbo hakumlazimishi mtu kupanda jukwaani bure kila albamu inapopigwa. Ukurasa huo usainiwe kabla ya kurekodi, na urekebishwe siku ileile kama mgeni amebadilisha mstari.

Kuna kifungu kimoja kinachosahaulika karibu kila mara. Kwa kazi ya watunzi wenza, ile miaka 50 huanza kuhesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho kati yao, kwa hiyo wimbo ulioandikwa na rapa wa miaka 20 pamoja na mzee wa miaka 75 utaendelea kuwa na mwenyewe muda mrefu baada ya mzee kuzikwa, na sehemu yake itakuwa ya warithi wake. Kwenye ukurasa uleule, chini ya saini, paandikwe jina la ndugu ambaye kila mshiriki amemchagua kupokea fungu lake, na namba ya simu ambayo fedha zitapitia.